Evarista Katika Redio ya Picha

Evarista alikufa kwa surua wiki moja baada ya Pasaka, baba yake akiwa Uingereza. Alikuwa mtoto wa miaka minne. Walimzika nyuma ya kanisa la kigango, kilima cha pili kutoka shamba la tumbaku la Bwana Batoni, upande wa Ifunda. Mvua ilinyesha tangu asubuhi, na wachimbaji ikawabidi wachote maji kaburini kwa ndoo kabla ya kumshusha.

Tekla, mama yake, hakulia sana pale makaburini. Watu walidhani ni uvumilivu. Kumbe moyoni alikuwa na jambo moja tu lililomsukuma mbele na nyuma: Crispin hajui. Baba wa mtoto yuko ng'ambo anapika na kucheka na watu, na hajui.

Crispin alikuwa mpishi wa Bwana Batoni. Mwezi wa kwanza Bwana na Memsahib walipokwenda likizo ndefu kwao, walimchukua, kwa sababu mama yake Memsahib alikuwa mgonjwa wa kitandani na watumishi huko, walisema, hawapatikani. Hakuulizwa sana kama anataka. Aliambiwa atarudi kabla ya mvua za mwaka mwingine, na kwamba nyumba yake ya kambini itabaki yake.

Kesho ya maziko Tekla alikwenda kwa Yotamu, karani wa shamba, Mbena mmoja mpole aliyekuwa akiongea kwa sauti ya chini kama mtu aliye kanisani. Akamwomba afikishe habari. Yotamu akamweleza kwamba njia ni moja tu, kupitia kwa yule Mzungu kijana aliyeachiwa shamba, ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Mdogo, kwa kuwa yeye humwandikia Bwana Batoni kila wiki kwa ndege. Basi Yotamu akavua kofia, akaenda kusimama mbele ya meza yake akasema. Bwana Mdogo alisikitika kweli. Aliuliza jina la mtoto, akaliandika palepale, Yotamu akiona kwa macho yake.

"Habari imekwenda, mama," Yotamu alimwambia Tekla. "Ndege haikawii. Mwezi huu hautaisha kabla hajapata."

Tekla akaanza kungoja. Hakutegemea mumewe arudi. Alijua meli si basi, mtu hashuki anapotaka. Alichotaka ni neno. Hata pole peke yake ingetosha. Lakini mwezi ukaisha, na mwingine ukaingia, na kila alipokwenda kuchota maji wanawake walimuuliza, "Baba Evarista amesemaje?" Mwanzo alijibu kuwa bado. Baadaye alianza kwenda kisimani jua linapowaka, saa ambayo wenzake wamekwisha kurudi. Hata huko alikutwa siku moja na mke wa nyapara, naye akamuuliza swali lilelile, tena akaongeza kwa huruma kwamba wanaume wakifika ng'ambo husahau.

Siku hiyo Tekla alirudi nyumbani akatoa koti la Crispin la Jumapili kwenye msumari, akalikunja, akalifungia sandukuni. Kisha akapita ofisini kwa Yotamu.

"Mwambie Bwana Mdogo asiandike tena," alisema. "Mtu akinyamaza, naye amejibu."

*

Habari ilifika. Ilifika katika nyumba ya matofali mekundu, kwenye mji mdogo wa mvua na moshi wa makaa, asubuhi moja wakati Crispin akiwa juu anambeba yule bibi kizee kutoka kitandani kwenda kwenye kiti cha dirishani. Bwana Batoni aliisoma, akampa mkewe. Memsahib alitaka wamwite palepale. Bwana akakataa. Alisema mtu huyo hana wa kulia naye hapa, hana pa kwenda, na meli ya kurudi bado miezi. Kumwambia ni kumwongezea mateso bure. Watamwambia melini. Hakusema, ingawa wote wawili walilijua, kwamba bila Crispin hakuna wa kumbeba bibi kizee.

Kwa hiyo Crispin aliendelea kuwasha makaa alfajiri, kuchemsha mayai, kusugua ngazi. Watoto wa mtaani walimfuata alipokwenda dukani, wengine wakagusa mkono wake kisha wakatazama vidole vyao. Hakuchukia. Alijiambia atakuwa na ya kusimulia.

Ilipofika mwezi wa sita jirani wawili watatu walialikwa jioni kuja kutazama televisheni. Crispin aliijua, lile sanduku la kioo; kila siku alikuwa akiifuta vumbi. Kichwani mwake aliiita redio ya picha. Mara nyingi aliiona kwa mbali tu, akipita na sinia: mwanamke mwenye shanga shingoni akitabasamu na kutangaza, wanaume waliovaa tai wakibishana, farasi wakiruka ua. Lakini jioni hiyo Bwana Batoni alimwita.

"Crispin, kuja. Rafiki yangu yule ya kamera nataka onyesha shamba yetu. Simama hapa, angalia."

Memsahib alisema neno la haraka kwa Kiingereza. Bwana akamjibu kwa mkato. Wala yeye hakujua kilichokuwemo katika picha zile zaidi ya tumbaku. Rafiki yake alipita shambani mwezi wa pili, wao wakiwa wamekwisha kuondoka, na alimwahidi tu kwamba watu wa Uingereza wataona mashamba ya nyanda za juu.

Mapazia yakafungwa ingawa nje jua lilikuwa bado. Taa ikazimwa. Crispin alisimama nyuma ya kochi, sinia ya chai mikononi. Mwanamume mmoja aliyekaa kitini ndani ya sanduku alizungumza kwanza, akiwatazama usoni kana kwamba naye amealikwa chai. Halafu akatoweka, na mahali pake kukawa na kilima. Crispin alikitambua kile kilima kabla hajajua anakitambua. Kisha mabani ya kukaushia tumbaku, yakitoa moshi. Kisha nyapara, akijifanya anapanga majani ambayo siku zote hupangwa na wengine. Crispin akatabasamu gizani.

Mara akatokea mtoto. Alikuwa amemfuata mpiga picha, nao waliokuwa wakipiga picha wakaona afadhali wampige picha yeye. Alikuwa amekunja mikono yake miwili mbele ya jicho moja, jicho la pili amelifumba kwa nguvu mpaka mdomo umekwenda upande, na kwa kamera hiyo ya vidole alikuwa akiwapiga picha kuku. Aliwafuata akiwa ameinama, taratibu, kama mtu mwenye kazi nzito. Kuku mmoja akageuka akamkabili. Mtoto akarudi nyuma, akaanguka matako chini. Lakini mikono haikutoka jichoni. Alikaa palepale katika vumbi, akaendelea kumpiga picha.

Chumba kizima kikaangua kicheko. Crispin naye alicheka. Alicheka hadi vikombe vikagongana juu ya sinia.

"Mtoto yangu," alisema kwa Kiingereza chake cha jikoni. "Huyo ni mtoto yangu."

Wageni wakageuka. Mzee mmoja aliinuka akampa mkono, na mwanamke aliyekuwa karibu akapiga makofi. Sauti ndani ya sanduku ilikuwa ikieleza jambo kuhusu watoto hao, na katika maneno yote Crispin aliambulia moja, nalo ni furaha. Bwana Batoni alikuwa akitazama viatu vyake. Memsahib alikuwa amekwisha kutoka nje.

Crispin alimkuta jikoni, amesimama mbele ya dirisha, macho mekundu. Alisema kichwa kinamuuma.

"Umemwona, Memsahib?" Crispin alimuuliza akiweka sinia. "Amekua. Miguu yake imekuwa mirefu."

Memsahib alitikisa kichwa kwamba ndiyo, akapanda juu. Crispin akaosha vikombe peke yake, na kila alipomkumbuka yule kuku alicheka tena.

*

Melini Bwana hakusema. Dar es Salaam hakusema. Katika treni hadi Dodoma, na katika lori lililowapokea kuja Iringa, kila mara alionekana kama mtu anayesafisha koo, kisha akawasha sigara. Walipofika shambani ilikuwa alasiri. Memsahib alimwambia Crispin aache mizigo yao, apumzike, na kesho asubuhi aje wazungumze. Crispin alishukuru. Hakutaka kesho, alitaka kufika kwake.

Mbele ya ofisi alikutana na Yotamu. Akamshika mikono, akamuuliza hali, na kabla hajajibiwa akaanza kumweleza habari ya redio ya picha, jinsi alivyosimama katika nyumba ya Wazungu akamwona Evarista na kuku. Yotamu alimsikiliza huku uso wake ukibadilika. Alitazama huku na huku kama anayetafuta mtu mwingine wa kulisema.

"Ndugu yangu," alisema mwishowe, "nenda nyumbani kwanza."

Tekla alikuwa mlangoni anapepeta mahindi. Nywele zake zilikuwa fupi, ndiyo kwanza zinaota. Aliweka ungo chini, lakini hakumkimbilia wala hakupokea mzigo.

"Karibu, Crispin," alisema.

Tangu mtoto azaliwe hakuwahi kumwita hivyo. Sikuzote alikuwa Baba Evarista. Crispin alilisikia, lakini furaha yake ilikuwa ikiteremka mlima, haikuweza kusimama. Aliuliza mtoto yuko wapi. Akasema yeye amekwisha kumwona, tena miezi michache tu iliyopita, akiwa kulekule ng'ambo, mzima, anawafukuza kuku. Alikunja mikono mbele ya jicho kumwonyesha.

Tekla alirudi nyuma hatua moja.

"Sikujua una moyo wa namna hii," alisema. "Miezi yote umenyamaza. Leo umekuja, umekuja kunichezea?"

"Nimenyamaza nini?"

"Ulimwona lini huyo Evarista wako?"

"Mwezi wa sita."

"Mwezi wa sita," alisema Tekla. "Evarista tulimzika wiki moja baada ya Pasaka. Habari ilikuja kwako kwa ndege. Bwana Mdogo aliandika mwenyewe, Yotamu akiona. Nikakungoja. Mpaka wanawake wa kisimani walichoka kuniuliza."

Mikono ya Crispin ilikuwa bado karibu na uso. Aliishusha. Akakaa pale chini kwenye mahindi yaliyopepetwa, mzigo ungali mgongoni, na Tekla akitazama uso wake aliona jambo ambalo hakulitegemea: mtu huyu anaambiwa sasa. Hajawahi kuambiwa. Hasira aliyoilea siku zote hizo, iliyomwezesha kuamka na kupika na kulima, ikamtoka kwa ghafla, na bila hiyo hakuwa na kitu cha kumsimamisha. Akakaa naye.

Majirani walikuja. Walilia upya, kana kwamba mtoto amekufa siku ile.

*

Asubuhi Crispin alikwenda nyumba kubwa. Hakupita jikoni, alipanda ngazi za barazani, mahali ambapo kwa miaka yote alipita akiwa na sinia tu. Bwana na Memsahib walikuwa wakinywa chai waliyojichemshia. Bwana alisimama.

"Mimi napenda sema wewe melini," alianza. "Lakini ile siku ngumu. Mimi fikiri, wewe mbali na watu yako, hapana iko mtu ya kulia na wewe. Mimi fikiri hii iko mzuri kwa wewe."

Crispin hakumjibu yeye. Alimgeukia Memsahib.

"Jioni ile ulipotoka nje," alisema, "ulikuwa unajua."

"Ndiyo."

"Wote wawili mlikuwa mnajua."

"Ndiyo, Crispin. Nilitaka kusema. Mama yangu alikuwa..."

"Mkaniacha nicheke," alisema Crispin. "Mlinitazama nacheka na wageni wenu."

Bwana Batoni akaingilia kati. Alisema apumzike wiki nzima, mshahara hautakatwa. Alisema atamwongezea kitu. Memsahib alifuta macho akaahidi kumwandikia yule rafiki wa kamera, aombe walau picha moja, kwa ajili ya mama wa mtoto. Crispin alisema asante, kwa sababu ndivyo ulimi wake ulivyozoea katika baraza ile, na alipofika nusu ya njia alijichukia kwa asante hiyo.

Hakuondoka siku ile. Watu waliosikia habari walitegemea aondoke, na wengine walimsema alipoonekana tena jikoni baada ya wiki. Lakini nyumba ilikuwa ya shamba, mahindi yalikuwa bado kondeni, na Tekla hakutaka kuliacha kaburi. Akapika. Akaingiza supu mezani, akaitoa. Bwana alianza kusema tafadhali na asante kwa kila kijiko, na Crispin aliona heri ya zamani. Siku moja wageni kutoka Mufindi walikula pale, na mmoja wao, asiyejua lolote, alisema amesikia kwamba mpishi huyu mtoto wake alionekana kwenye televisheni. Akamtazama Crispin kwa furaha, akingoja. Crispin aliweka bakuli la viazi mezani, akatoka, akavua aproni, akaitundika nyuma ya mlango wa jikoni.

"Tumevumilia vya kutosha," alimwambia Tekla.

Tekla hakubisha. Jumapili hiyo alikwenda peke yake kigangoni, akang'oa majani juu ya kaburi, akapanga mawe pembezoni ili ng'ombe wasipite. Yotamu aliahidi kulitazama. Picha aliyoahidi Memsahib haikuwa imekuja, na baada ya hapo hawakuwa na njia ya kujua kama ilikuja.

*

Walihamia Mbeya. Kaka yake Tekla alikuwa akifanya kazi ya useremala huko, naye aliwatafutia chumba kwenye uwanja mmoja na wapangaji wengine, chini ya mlima Loleza, mahali penye baridi kuliko walikotoka. Crispin alipata kazi katika hoteli ndogo ya Mzee Alawi, mtu wa asili ya pwani, aliyewauzia chai na pilau wasafiri wa mabasi. Mpishi aliyejua kuoka nyama na kutengeneza keki za Kizungu aliambiwa siku ya kwanza, mbele ya wateja, kwamba pilau yake ni uji wenye nyama. Akajifunza upya. Mzee Alawi hakuwa mtu mbaya. Alifoka na kusahau.

Nyumbani hawakumtaja mtoto. Si kwamba walikatazana. Kila mmoja alimwonea mwenzake huruma. Tekla alikuwa na swali tangu siku ile ya mahindi, na Crispin alilijua, akalikwepa. Aliona aibu. Kila alipoikumbuka jioni ile hakumkumbuka mtoto kwanza. Alikumbuka kicheko cha chumba kizima, na chake mwenyewe ndani yake. Atamwambiaje mama wa marehemu kwamba mwanao alichekwa na Wazungu wanakunywa chai, na mimi nikawasaidia?

Jumapili moja baada ya misa walikuwa wamekaa nje wakiota jua. Tekla alikuwa akimenya viazi. Bila kuinua kichwa akamuuliza:

"Siku ile ya redio ya picha. Wale watu walipomwona, walifanyaje?"

Crispin akaona hakuna pa kukimbilia.

"Walicheka," alisema. "Wote walicheka. Na mimi nilicheka, Tekla. Nilicheka kuliko wao."

Kisu kilisimama.

"Walicheka nini?"

"Alivyofanya."

"Alifanyaje? Ile siku ya mtu wa kamera mimi nilikuwa shambani, nilirudi nikasikia tu watu wanasimulia. Sikumwona. Alifanyaje?"

Crispin alijaribu kueleza kwa mdomo. Alisema alifanya mikono hivi, akawafuata kuku hivi. Maneno yakawa madogo, hayakumfikia mtoto. Tekla alikuwa amesogea mbele, anamtazama mikono. Ndipo Crispin akainuka. Mwanamume mzima, mwenye koti la kanisani, akainama katikati ya uwanja, akakunja vidole mbele ya jicho, akafumba la pili kwa nguvu hadi mdomo ukaenda upande. Kuku wa wapangaji walikuwa pale wanaparura. Akawafuata taratibu, hatua moja moja, kama mtu mwenye kazi nzito. Jogoo mmoja alimgeukia. Crispin akarudi nyuma, akajiangusha matako chini kwenye vumbi, na mikono haikutoka jichoni.

Tekla alicheka. Kicheko kilimtoka kama kikohozi, akakizuia kwa mkono wenye maji ya viazi, kisha akakiacha. Alisema ndiyo, ndiye, hivyo ndivyo mdomo wake ulivyokuwa ukienda. Akacheka mpaka machozi yakaanza, nayo yalipoanza hayakuwa ya kicheko tena. Crispin alibaki amekaa chini, hajui kama ainuke.

"Rudia," Tekla alimwambia.

Akarudia. Akaangushwa na jogoo yuleyule. Tekla akamwambia arudie tena.

Siwema, jirani wa chumba cha pili, alitoka na ndoo akamkuta mpishi wa Mzee Alawi yuko katika vumbi na nguo zake za kanisani, anachungulia kuku kupitia vidole. Akasimama. Alijua wanaume hulewa, lakini huyu hakumjua kwa pombe. Akamuuliza Tekla kwa sauti ya chini kama mumewe ni mzima.

"Mzima," alisema Tekla, akifuta uso kwa ncha ya kanga. "Ananionyesha mtoto wetu."

Siwema hakuwa na habari kwamba watu hawa waliwahi kupata mtoto. Wanawake wa uwanja ule walikuwa wamekwisha kumsema Tekla kuwa ni tasa, na yeye alikuwa mmoja wao. Alitua ndoo. Akaja akakaa mkekani karibu na Tekla, akakunja miguu, bila kuuliza neno.

Crispin alijipangusa vumbi magotini, akarudi hadi kwenye ukuta alikoanzia, akainama, akakunja mikono mbele ya jicho lake, akaanza tena tangu mwanzo.